Mpaka Mjomba Awike

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Moyo hauna raha. Asubuhi Dada, huku akifunga aproni ya kwenda kuoka mikate, kaniambia anatafuta yaya wa watoto. Yaya wa kulala hapa hapa. Nyumba ina vyumba viwili: kimoja chake na watoto, kingine changu. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la sita naiweza!

Nikamuuliza yaya wa nini na mjomba mtu yupo? Nikamkumbusha niliwahi kuchezesha watoto mia tatu uwanjani, peke yangu, bila filimbi, mvua ikinyesha. Akasema nilipomsimulia mwaka jana walikuwa arobaini. Basi wameongezeka! Watoto si huzaliwa?

Kanipa mpaka Jumamosi. Wanawe wakiwa salama na wachangamfu, chumba changu. La sivyo, nifungashe virago. Wenyewe ni wawili: Wakili, miaka sita, hubishana hata na kivuli chake, na Nukta, miaka minne, mdogo kama jina lake.

Jumanne, tarehe 5

Vitu vya kuchezea hatuna. Si neno. Nikaviringisha soksi, nikaweka ndoo katikati ya sebule: atakayetumbukiza nyingi ndiye bingwa. Wakili kumi na moja. Nukta nne. Mimi mbili. Nikasingizia upepo. Wakili akauliza upepo gani na dirisha limefungwa.

Saa nne sina watoto! Wamehamia kwa jirani, Fundi Cherehani. Kawapa kopo la vifungo wavipange kwa rangi, kafunika viti viwili kwa shuka, eti nyumba. Bure kabisa, na wanacheka mpaka huku nasikia. Nilipowafuata akaniambia watoto hawataki makuu, kaka, wanataka mtu akae chini nao. Mimi nikae chini? Na goti hili nililoumia nikimkimbiza chui?

Huyu mama atanitoa chumbani kwa vifungo.

Jumatano, tarehe 6

Mchezo wa bubu. Atakayesema neno kashindwa. Ubunifu wangu! Nyumba ikatulia tuli. Nikajinyoosha kidogo.

Saa sita Dada akapiga simu awasalimie wanawe. Kimya. Akaita mmoja mmoja. Kimya. Nikamwambia wazima, ila hawasemi. Haikumsaidia. Alifika anahema, unga mpaka viwikoni. Watoto wamekaa wamefumba midomo, mashavu yamevimba. Nilikuwa nimesahau kutangaza mwisho! Nilipotangaza, Wakili akasema kanuni ni kanuni, Mjomba.

Dada akanitazama. Hakusema neno. Nikadhani na yeye anacheza.

Alhamisi, tarehe 7

Dada kamwita yaya aje Jumamosi akione chumba. Chumba changu!

Nimekaa, nimefikiri. Kosa la jana ni moja tu: mwisho haukuwa na kishindo. Basi nimetunga kanuni ya chuma. Mchezo wangu wowote hauishi mpaka nipande kigoda pale nje niwike mara tatu kama jogoo. Hata nikikuita kwa jina usitoke, hata nikikubembeleza, hiyo ni hila. Wakili akataka niape. Nikaapa. Tukafanya mazoezi uani, pasipo na macho ya watu. Nawika vizuri mno. Zamani niliwika mara moja tu, majogoo wa mtaa mzima wakahama.

Ijumaa, tarehe 8

Mwandiko wa leo mtausamehe.

Tulicheza kujificha. Wakili nikamkuta nyuma ya mlango. Nukta, hayupo. Chini ya kitanda, hayupo. Kabatini, pipani, hayupo. Nikaita Nukta, toka mama, umeshinda! Kimya.

Nikatoka barabarani. Watu wakajaa: kinyozi na wembe mkononi, mteja wake na povu kidevuni, Fundi Cherehani mlangoni kwake, pini mdomoni. Wakili ananivuta shati: Mjomba, wika. Niwike mbele ya kinyozi, niliyemwambia niliwahi kuwa mlinzi wa mabalozi? Nikasema naongoza msako. Nikanyoosha vidole huku na kule. Nusu saa nzima!

Ndipo kinyozi akasema ngoja akatazame mtaroni.

Kiatu cha Nukta kimoja kilikuwa kizingitini, kidogo kama yai. Nikakimbilia kigoda.

Nikawika mara ya kwanza, watu wakacheka. Mara ya pili, sauti ikakatika. Mara ya tatu sikuwika, nililia.

Nukta akachomoza chini ya meza ya cherehani, nyuzi kichwani, akauliza kama ameshinda. Nikakaa chini palepale, vumbini, nikamkumbatia. Fundi akatoa pini mdomoni. Alisema mtoto alimwomba asiseme alipo, naye akadhani naigiza, maana kaka, wewe kila siku unaigiza.

Jumamosi, tarehe 9

Dada aliambiwa yote kabla hajavua viatu. Mimi tayari nimekunja shuka.

Yaya akaja, binti nadhifu, begi mkononi. Nukta akasimama mlangoni pa chumba changu, kapanua mikono: humu mna jogoo, hamuingii mtu. Wakili akaongeza kwamba jogoo hahamishwi mchezo haujaisha, maana mara ya tatu alilia, hakuwika. Yaya akamtazama Dada. Dada akashika kiuno, akashika kichwa, kisha akacheka mpaka machozi.

Uamuzi: yaya atakuja asubuhi na kurudi kwao jioni. Chumba kimebaki changu! Sharti, nisianzishe mchezo wowote bila Fundi Cherehani kuwepo, na nikae chini na watoto. Nimekubali, mkono kifuani.

Kinyozi sasa ananiita Jogoo. Ni heshima. Wateja wake nimewaambia walikusanyika watu mia tano. Walikuwa tisa.

Na mchezo wa Jumatatu nimeshawanong'oneza watoto. Huu ndio kiboko! Kanuni ni moja tu: mama yao asiambiwe, wala Fundi, mpaka niwike.