Trekta Jekundu na Viazi vya Ijumaa Kuu

Jumapili, 29 Machi 1998
Mwezi wa tano tangu nitoke Kentucky kuja kukamua ng'ombe wa watu huku Wisconsin. Mgongo si wangu tena. Mikono inanuka maziwa hata kanisani. Lakini leo nina furaha. Nina mpango!

Ijumaa Kuu ni tarehe kumi. Kwetu viazi hupandwa Ijumaa Kuu. Anayepanda siku nyingine atavuna majani. Mama amepita miaka sabini, nyonga imemchakaa, na tangu Baba afariki analima bustani kwa jembe la mkono. Nimempigia simu. Nimemwambia asiguse jembe: nakuja na trekta dogo la bustani, la zamani, la chuma kizito, yale yaliyoundwa enzi ambazo watu bado walikuwa na aibu. Mama akauliza, kweli, mwanangu? Nikasema kweli tupu. Nyuma yake nikamsikia Verlon, mume wa dada yangu, akisema heri wangoje viazi vinyeshe kama mvua. Shemeji yule hajaniamini tangu nilipoiua pampu yake ya kisima nikiitengeneza.

Jumatatu, 30 Machi
Norbert Zastrow, ninayekamua naye, ana matrekta ya bustani matatu ghalani kwake. Kila kiangazi huyaendesha kwenye gwaride la mji, kofia mpya kichwani, kama gavana. Leo kanifundisha bila kuombwa. Kentucky, ndivyo anavyoniita, ukienda kununua, weka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ukikuta ina moto, jua mwenyewe ameanza kuhangaika nayo alfajiri; aga uende zako. Chomoa kijiti cha oili, utazame kama imegeuka nyeupe, yaani imechanganyika na maji. Yatikise magurudumu ya mbele. Rangi iache, rangi haivuti jembe.

Kisha akasema anaweza kuniachia moja lake. Nimeliona. Limepauka, kiti kimeshonwa kwa waya. Anaapa linawaka hata kwenye theluji. Nimekataa. Nimpelekee Verlon kichekesho?

Jumanne, 31 Machi
Nimenunua! Jekundu, la mwaka 1967, kwa mzee mmoja mfuga kuku. Injini ilikuwa ya moto nilipofika. Mzee alikuwa ameniwashia mapema nisipate taabu. Watu wa huku wana utu sana. Likanguruma mara moja.

Norbert akauliza kama injini ilikuwa baridi. Nikamjibu baridi kama jiwe la mto. Ya nini kumpa raha?

Jumatano, 1 Aprili
Haliwaki. Nimevuta kamba ya starta mpaka bega likalia. Ng'ombe wote wametoa vichwa kutazama.

Norbert akaja na tochi na msasa. Akasugua platini, vile vichuma vya cheche, akaweka plagi mpya, akamwaga petroli ya zamani iliyonuka kama rangi ya kucha. Likawaka kwa mvuto mmoja. Sikusema asante kwa sauti, nilikohoa tu. Akasema sasa badilisha oili, tia grisi kwenye vichuchu vyote vya kuipitishia, kaza mkanda, basi. Wapelekee watu trekta lao. Nikauliza, na hiyo rangi iliyobabuka? Akasema viazi havina macho. Nikamwambia vinayo. Akazima tochi.

Ijumaa, 3 Aprili
Wenzangu wote wamekwenda kula samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa. Mimi nimebaki ghalani na makopo mawili ya rangi nyekundu. Nimelipaka lote. Bodi, magurudumu, kifuniko cha tangi, vichuchu vya grisi, hata kijiti cha oili. Mikono mitatu ya rangi! Linang'aa kama tufaha. Nimekaa nikilitazama mpaka njaa ikanisahau.

Jumamosi, 4 Aprili
Linawaka, linakwenda kidogo, linazima. Ukilipumzisha linawaka tena, linakwenda kidogo, linazima. Kama mkwe anayetafuta sababu ya kununa.

Nimefungua kabureta. Nimeifunga. Imebaki skrubu moja sijui ya wapi. Norbert akapita na ndoo zake, akasema lina rangi nzuri. Akaenda zake. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya.

Jumapili, 5 Aprili
Nimempigia Mama simu. Sikutaka kusema, nikasema. Nilijua Verlon yuko karibu maana nilisikia akitafuna. Mama akasikiliza, kisha akauliza: umepaka rangi kifuniko cha tangi? Nikasema ndiyo, vizuri sana. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kile kifuniko kina tundu dogo la kupitishia hewa, Dorsey. Umeliziba. Tangi likikosa pumzi petroli haishuki. Baba yako alifanya hivyo mwaka ule ulipozaliwa, akafungua injini yote juu ya meza yangu ya kulia.

Nimekifungua kifuniko. Fyuuu! Likavuta pumzi kama mtu aliyezama. Nimezibua tundu kwa sindano. Limekwenda mchana kutwa.

Vichuchu vya grisi nimevikwangua pia. Mama hakuviuliza. Mimi mwenyewe nilivikumbuka! Watu wanakua.

Jumatano, 8 Aprili
Bosi kaniruhusu siku nne. Norbert kanisaidia kulipandisha kwenye pikapu kwa mbao mbili na kulifunga minyororo. Akalipiga kofi mgongoni kama ndama. Kentucky, akasema, sasa una trekta la kweli. Usiliguse. Fika nalo tu. Karibu nimpende.

Alhamisi, 9 Aprili
Indiana. Nilisimama kutia petroli. Jamaa mmoja mwenye maneno mengi na suruali ya mikanda mabegani akalizunguka trekta langu, akalisifu, akasema kwake hapo jirani analo linalofanana, ila la kijani, lenye taa mbili za mbele na kiti chenye mgongo. Taa! Mama angeweza kulima hata jioni. Akasema tubadilishane tu, kichwa kwa kichwa, kwa vile kanipenda.

Sikukurupuka. Nilifanya kama nilivyofundishwa: niliweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya moto kabisa. Nikajua limetunzwa.

Tumebadilishana.

Ijumaa Kuu, 10 Aprili
Asubuhi, upande wa huku wa mto Ohio, ng'ambo naiona Kentucky yangu kwa macho. Nikataka kuliwasha la kijani nisikie sauti yake. Halina sauti. Oili yake nyeupe kama maziwa, na maziwa nayajua. Taa zinawaka vizuri sana.

Ningeweza kuendelea. Ni saa chache tu. Lakini kumfikia Verlon na trekta bubu, siku ya viazi, mbele ya majirani? Nimempigia Mama nikamwambia kuna jambo dogo la kiufundi. Alikuwa anahema. Amelima kwa jembe tangu alfajiri, dada akidondosha mbegu nyuma yake. Verlon alimnyang'anya jembe saa nne, akamalizia mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

Mama akasema wamebakiza tuta moja. Hawakuliwekea mbegu, wameniachia mimi. Viazi vitakusamehe siku mbili, akasema, njoo hata na mikono mitupu, mwanangu, mikono ndiyo nina haja nayo. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilikata simu haraka.

Siendi na mikono mitupu. Nimeshapata duka la oili na rangi. Kesho kutwa ni Pasaka. Nimwage oili, nitie mpya, basi litawaka tu. Wakati oili inachuruzika, sikutaka kukaa bure: dukani wana rangi ya kijani ileile ya kiwandani, kopo la mwisho. Nimeanza na kifuniko cha tangi. Kinang'aa!

Nitafika Jumapili mchana, kabla hawajakaa mezani.