Funza Wangu Wamehama

Jumatatu, 3 Machi
Kambare wangu wamebaki vichwa na sharubu. Bei ya chakula cha dukani haishikiki. Lakini leo akili imechemka: nitafuga funza! Nzi weusi watage kwenye maganda yaliyooza, mabuu wanone, samaki washibe. Kikwazo kimoja tu: funza hao hao nawaogopa kuliko nyoka. Na kingine: mama mkwe amekuja kukaa kwetu, na mke wangu anasema moyo wa mama yake hautaki mishtuko. Pipa nimelificha stoo. Mke wangu nimemwambia ni mbolea.

Alhamisi, 13 Machi
Wameanguliwa! Wanachakarisha pipani kama mvua juu ya majani makavu. Nawalisha kwa koleo, macho nimefumba. Fundi cherehani, jirani yetu mwenye pua isiyo na adabu, kauliza harufu hii inatoka wapi. Nikasema ni miguu yangu. Kaniletea poda, mbele ya watu! Mama mkwe naye anasikia mchakacho stoo. Nikasema panya. Akajibu kwamba panya si kitu kwake, nimpe ufunguo tu. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

Jumamosi, 22 Machi
Nimekwisha! Nani aliniambia kwamba mabuu wakikomaa hupanda ukingo wa pipa wakatafute pakavu? Hakuna! Pipa karibu tupu. Msafara umepita chini ya mlango wa stoo, ukakata ukumbi, ukaingia chumbani kwa mama mkwe. Nikabisha. Kimya. Nikaita shikamoo mama, sauti ikatoka kama ya kifaranga. Kimya. Nimeua! Nikaona msiba, nikaona shemeji zangu wote, na mimi katikati yao. Nikausukuma mlango. Kitanda kitupu. Funza mmoja juu ya mto, ananitazama. Nikapiga ukelele uliomtoa fundi cherehani mbio, tepu shingoni.

Tukamkuta mama mkwe bwawani na beseni, anawamwagia kambare funza kwa viganja. Maji yanatibuka kwa mikia.

“Baba, na wewe,” akaniambia, “chakula chote hiki unakifungia stoo?”

Aliyezimia ni mimi.

Jumanne, 25 Machi
Samaki wananenepa. Pipa sasa ni la mama mkwe, na ufunguo pia. Mke wangu kasema ningemweleza mapema tungejenga kibanda uani, basi. Kweli kabisa. Kaniapisha nisimfiche tena kitu. Nimeapa, mkono juu.

Ila nasikia mende ndio wenye mafuta zaidi. Maboksi mawili yako uvunguni mwa kitanda chetu. Nimemwambia ni viatu. Naandika haya nikiwa nimesimama juu ya kiti.