Chupa ya Mama Katungu na Nafasi Moja ya Kampala

Jumatatu, 5 Machi 2001. Butembo.
Mungu ananipenda! Leo nilikuwa zamu kwenye fonia, redio ya mawasiliano ya hospitali yetu hapa Mususa. Ujumbe kutoka Kampala: kuna nafasi moja, moja tu, ya kusomea shahada ya uzamili katika tiba na utafiti wa kansa. Profesa anakuja Beni kuhoji madaktari wetu wawili: mimi, Lusenge, na Docteur Orpa. Siku: Ijumaa, saa nne asubuhi.
Orpa ana utafiti. Miaka minne ameandika kila mgonjwa mwenye uvimbe katika madaftari ya shule, vita au hapana vita. Mimi nina tai.
Nimempelekea Orpa ujumbe. Kwa bahati mbaya kalamu iliteleza. Ikaandika Jumamosi.

Jumanne, 6 Machi.
Nimeanza utafiti wangu! Nimepita wodi zote kutafuta wagonjwa wa kansa. Nimepata wawili. Wote wa Orpa. Mmoja ni Mama Katungu, mkulima wa Kamango, aliyetembea siku nne akikwepa mapigano, uvimbe titini. Orpa alimpasua jana. Mama akaniuliza kama atapona. Nikamjibu kwamba niko katika utafiti. Akaniangalia kwa huruma.
Kampala wanasoma kwa Kiingereza. Nimejifunza maneno kumi na mawili.

Alhamisi, 8 Machi. Beni.
Niliwaambia wote naenda kumzika mjomba. Orpa akanipa pole, hadi machozi. Halafu akanipa chupa. Ndani, katika formoli ili kisioze, kipande cha uvimbe wa Mama Katungu. Kwetu hakuna wa kukisoma kwa darubini. Yeye anakuja Jumamosi, lakini kipande kisikawie: nikimwona profesa Beni nimpe mkononi, akakisome Kampala, tujue kama kisu kimetosha. “Docteur, isimwangike,” akasema. “Hakuna ingine.”
Nikapanda lori la viazi. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, wanajeshi wakatushusha. Mkubwa wao, macho mekundu, akaidaka chupa.
“Hii njo kanyanga. Tosha kifuniko, nionje.”
Ningemwachia, ningepita. Sijui nini kilinipata.
“Afande, hapana pombe. Ni nyama ya titi ya mama mumoja. Ukiikunywa, hatutajua ugonjwa yake.”
Akauliza jina la huyo mama. Nikamwambia. Akasema mama yake mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo, bila daktari. Akanirudishia chupa kwa mikono miwili.
Lori, hakurudisha. Nimetembea kilomita kumi na tisa, chupa kifuani. Viatu vimekufa. Tai iko salama.

Ijumaa, 9 Machi.
Profesa ni mama wa miaka sitini. Anaongea Kiswahili kunishinda. Maneno yangu kumi na mawili, bure!
Akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema Docteur Orpa ameachana na kansa, siku hizi anafuga kuku. Nikaweka chupa mezani, nikasema nilimpasua mgonjwa mimi mwenyewe. Titi lipi? Kushoto, nikajibu bila kusita. Akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa: kulia, mpasuaji Orpa.
Akaivuta chupa upande wake.
Akaniambia nikapumzike, miguu yangu inatoka damu.
Mvua kubwa. Ndege yake imeshindwa kuruka.

Jumamosi, 10 Machi.
Orpa amefika, madaftari saba kikapuni. Profesa akamuuliza kama kuku hawajambo. Nikaomba ardhi ifunguke. Ikakataa.
Orpa alielewa yote mara moja. Nikangoja kofi. Akauliza tu:
“Chupa ilifika?”
“Ilifika.”
“Haikumwangika?”
“Hata tone.”
Akakaa chini, akalia.
Waliongea muda wa saa tatu. Nafasi ni yake. Ni haki yake pia, nakiri, kwa leo. Lakini profesa akaniita. Mwaka mzima vipande vinamfikia vimeoza au chupa imepasuka. Changu ni kizima. Nikiendeleza utafiti wa Orpa na kubeba chupa namna hii, mwakani atanihoji tena. Orpa akanikabidhi madaftari yote saba. Mimi! Leo silali.

Jumatano, 28 Machi. Butembo.
Jibu limefika kwa fonia. Ni kansa, lakini imewahiwa, imetoka yote! Nimekimbia hadi wodini na soksi tupu.
“Donc naweza rudia ku shamba?” akauliza Mama Katungu.
“Unaweza, mama. Kila miezi tatu utakuja tukuangalie.”
Amecheza akizunguka kitanda. Macho yangu yaliingia vumbi. Jina lake na jibu lake nimeyaandika daftarini kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, nisikosee upande.
Habari nyingine: mwakani nafasi ni mbili. Na sisi ni wawili: mimi na Docteur Éliakim, aliyeanza kazi hapa wiki jana. Kila mtu na yake. Hakuna sababu yoyote ya kufanya hila.
Nimemdokeza tu, kirafiki, kwamba profesa hamchukui mtu asiyejua Kigiriki. Amenishukuru sana. Ameshafika herufi ya nane.