Tarehe Yangu ya Kutembelewa

Alhamisi, 24 Februari 1994
Daktari kasema moyo umechoka, nisipange mambo ya mbali. Basi naandika ukweli. Parokia ina ratiba ya kutembelea wazee: kila mzee siku yake, watu kumi na zaidi, nyimbo, chakula. Mzee Leodgar, jirani yangu hapa Buhare, kapangiwa tarehe 5 Machi. Mimi, Zabroni, tarehe 3 Mei. Mei! Mtu wa mwisho kuingia sebuleni kwangu alikuwa msoma mita.

Jumatatu, 28 Februari
Umeme wa mgao ulirudi saa nne. Nikamwambia Eufrasia, katibu wa parokia, kwamba naikagua kompyuta ya ofisi. Programu ya ratiba niliiandika mwenyewe. Huandika tarehe kwa mtindo wa nchi uliyoichagua. Tanzania haimo, kwa hiyo tulitumia Uingereza, siku kwanza. Nimeweka Marekani, mwezi kwanza. Tarehe yangu, 3/5, ikatoka 5/3. Ya Leodgar, 5/3, ikatoka 3/5. Dakika mbili tu. Eufrasia kanishukuru, kaniita baba. Nilijisikia vibaya mpaka getini.

Jumamosi, 5 Machi
Nimefagia. Nimeazima viti kumi na vinne. Saa nane, hakuna mtu. Saa tisa, hakuna. Saa kumi kafika Leodgar na mkongojo wake na sufuria ya samaki, sato. Alipika, wageni hawakuja. Kasema Eufrasia aliona mzee mmoja kapangiwa 4/17, akauliza mwezi wa kumi na saba ni upi, akasimamisha matembezi yote hadi mashine ipone. Leodgar kavitazama viti, kauliza nani kafa. Nikasema navianika, vina kunguni.

Tukala. Kasema siku hii alikuwa anaihesabu tangu Krismasi. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaomba chumvi.

Akiondoka kasema Jumapili ya wiki ijayo nikale kwake. Eti sisi tunangojaga nini kompyuta, na nyumba zinatazamana?

Alhamisi, 10 Machi
Nimerudisha Uingereza. Eufrasia kaniombea baraka kwa kuiponya mashine. Sikukiri. Nilipokuwa pale nikageuza na mpangilio wa majina ya wazee: sasa unaanzia Z. Aliye juu hukumbukwa upesi.

Jumapili, 13 Machi
Leodgar kasimama mlangoni kwake, kaniita mara tatu. Sato yuko mezani, ugali unapoa. Nimemjibu siwezi kutoka. Jina langu sasa ni la kwanza, watu wa parokia wanaweza kufika wakati wowote.

Viti sijavirudisha.