Farasi wa Baba Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata wazo. Kubwa! Naliandika kabla halijapoa.

Asubuhi Baba Chiriku amepiga simu kutoka huko aliko na lori lake. Chiriku ni binti yetu, ana miaka minne, tumemwita hivyo kwa sababu hanyamazi. Ila na baba yake hazungumzi. Safari iliyopita alimwahidi mwanasesere, akaja mikono mitupu, mtoto akaingia uvunguni mwa kitanda na kila alipomsikia baba anaingia akarudi hukohuko. Siku mbili! Mwanamume mzima akaondoka anaiaga miguu ya kitanda.

Basi leo nikambandika mtoto simu sikioni. Baba mtu, kwa kubabaika, akamwahidi farasi. Jumamosi. Chiriku hakujibu, lakini alitabasamu, nimemwona. Kisha mume akataka kusema na mimi, akaninong'oneza kwamba kwenye lori ana saruji tu, na farasi hajui wanauzwa wapi, nimwokoe.

Nitamwokoa. Nitachonga kichwa cha farasi, nikipachike kwenye mpini wa fagio, nikampokee mume njiani, aingie nacho nyumbani kama amekileta yeye. Kuchonga ni kumenya tu. Mimi namenya viazi tangu nina miaka saba.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa seremala wa mtaani, Fundi Kesho. Jina amepewa na wateja. Tumepatana: mimi namfagilia maranda karakana nzima, yeye ananipa kipande cha mti, patasi na nyundo ya mbao. Akaniambia kwanza nichore pande zote mbili, halafu nitazame nyuzi za mti zimelala kuelekea wapi. Nikasema ndiyo, Fundi. Nikaanza kugonga.

Picha ninayo, nimeikata kwenye kalenda ya zamani. Farasi anatazama kushoto. Kufika mchana upande huo jicho lipo, pua ipo, hata shavu! Fundi Kesho akapiga mluzi, akauliza nani amenifundisha. Nikamwambia ni damu tu. Nadhani nina kipaji. Mbona miaka yote hii hakuna aliyeniambia?

Jumatano, 5 Machi

Leo upande wa kulia. Tatizo dogo: kwenye picha haupo. Nimeigeuza karatasi, nyuma kuna mwezi wa Juni.

Nikachonga kwa kukisia. Wifi yangu, dada yake Baba Chiriku, ambaye anashona nguo chumba cha tatu kutoka kwetu, akapita karakana. Akatazama kushoto, akasema looh, farasi! Akazunguka kulia, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema huyu ni shangazi yetu siku ile alipokosa kiti harusini. Nikamwambia wifi, mambo ya mti wewe huyajui. Akasema kweli, ila ya kitambaa anayajua, na kaka yake hawezi kuaibika kwa mtoto mara ya pili, kwa hiyo farasi atamshona yeye.

Haya. Vita!

Alhamisi, 6 Machi

Nimepunguza kulia pafanane na kushoto. Kushoto pakaonekana pamevimba. Nikapunguza kushoto. Sasa kulia pakawa na mafua. Nikapunguza. Kufika saa nane farasi amekuwa mwembamba kama kandambili.

Halafu sikio likaruka. Fundi Kesho akaliokota, akasema bila ukali, Mama Chiriku, nyuzi, si nilikwambia nyuzi. Nikamweleza kwamba farasi akikimbia sana masikio hayaonekani. Nikakata na la pili ili yasioneane wivu. Fundi akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Nimejikata kidole gumba kidogo. Jioni Chiriku amenipulizia. Akauliza baba anakuja na farasi kweli, au kweli kama ile ya mwanasesere? Nikamwambia kweli yenyewe. Nilikuwa namtazama mabega, si macho.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepiga msasa. Nimepaka kiwi nyeusi ya viatu. Nimebandika nyuzi za sufu shingoni. Amekaa kwenye mpini, imara kabisa. Ukisimama mlangoni ukafumba jicho moja, ni farasi mtupu.

Wa wifi nimemwona. Macho ya vifungo, hatamu ya utepe mwekundu. Masikio mawili. Nimemsifia. Kisha nikaenda kufua, nikalia kidogo, sabuni iliniingia machoni.

Lakini mpango ninao. Lori linafika kituo cha mafuta saa nne. Wifi hufungua cherehani yake saa nne. Mimi nitakuwa kituoni saa tatu. Nimeshashinda!

Jumamosi, 8 Machi

Wifi alifika saa mbili.

Nilimkuta amekaa kivulini, farasi mapajani. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana hali mara mbilimbili. Baba Chiriku akashuka mweupe kwa saruji, akapokea wa wifi, akasema dada umeniokoa. Akapokea na wangu. Akamgeuzageuza. Akaniuliza kwa adabu juu ni wapi.

Nyumbani, mtoto yuko uvunguni. Kasikia lori tu, kaingia. Baba akapiga magoti, akamsukumia farasi wa kitambaa. Akarudishwa. Wifi akakohoa. Baba akanitazama, akamsukumia wangu. Nikasema moyoni leo huyu mtoto ndiyo anamfuta baba yake kabisa.

Sauti ikatoka chini ya kitanda: "Umemtengeneza wewe?"

Mume akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa mara kumi. Akasema ndiyo mwanangu, mimi mwenyewe.

Halafu: "Mbona umesahau masikio?"

Akatoka! Utando wa buibui kichwani, farasi mkononi. Akavuta vidole vya baba yake, akaviweka kwenye masikio yake mwenyewe, hili na hili, ili ajue yanakaa wapi. Baba akasema ahaa. Akabaki ameyashika, hakuyaachia. Machozi yakamchora mistari kwenye saruji, na mimi na wifi tukaenda jikoni kugombania sufuria ya chai.

Jumapili, 9 Machi

Wanakimbia uani tangu asubuhi. Baba wa watu kampanda wa kitambaa, Chiriku kampanda wa mti. Chiriku anawaambia majirani kwamba baba yake si mbaya, ila bado anajifunza. Majirani wanamcheka mume wangu, wanasema mikono ya usukani hiyo. Wifi ananikonyeza. Mimi napepeta mchele tu.

Sasa kwa furaha zake baba mtu ameahidi safari ijayo kuja na twiga. Wifi akaniambia taratibu, twiga tumshone, wifi yangu, tafadhali. Nikamwambia ahsante, pumzika. Nimeshamfikiria twiga. Ni shingo tu, na shingo ni mti ulionyooka. Siku mbili. Tatu na madoa.

Mchana nimekwenda kwa Fundi Kesho kumwomba kipande kirefu. Akauliza kirefu kiasi gani. Nikatazama karakana yote, kona kwa kona, nikamwonyesha mlango wake.