Ombi la Kupunguziwa Bidii ya Binti Yangu

Kwa Mwalimu Mkuu,
Ofisini.

KUHUSU: HASARA NILIYOIPATA KWA KUFUATA USHAURI WAKO

Mwalimu Mkuu mpendwa,

Nakutakia afya njema wewe na walimu wako wote, isipokuwa yule wa hesabu, ambaye nitamrudia huko chini. Mimi ni fundi cherehani wa nyuma ya kituo cha mafuta, baba wa yule msichana mwembamba wa darasa la mwisho ambaye nyumbani tunamwita Sindano. Naamini unamkumbuka. Ndiye aliyekurekebisha tarehe mbele ya wanafunzi wote.

Katika mkutano wa wazazi ulitugawia karatasi ya kijani kuhusu namna ya kumjengea mtoto mazoea mema ya kusoma nyumbani. Wazazi wengi waliitumia kujipepea, maana ukumbi ulikuwa na joto. Mimi kwa bahati mbaya niliisoma, na kwa bahati mbaya zaidi nikaifuata. Nayaeleza matokeo kwa namba kama ulivyofanya wewe, ili tusipotezane njiani.

1. Mahali maalumu pa kusomea. Uliandika kwamba mtoto atengewe meza safi yenye mwanga wa kutosha. Mwalimu, kwetu meza inayostahili kuitwa meza ni moja tu, nayo ni ya kukatia vitambaa. Ipo chini ya dirisha na ina balbu yake. Nilimpa Sindano aitumie jioni, nikijua mtoto ni mtoto, atachoka mwenyewe. Hakuchoka. Sasa jioni nakatia kitandani, na mkasi haujui kitambaa kinaishia wapi na shuka linaanzia wapi. Kuna bwana harusi aliyefunga ndoa akiwa na kipande cha shuka letu ndani ya koti. Yeye hajui mpaka leo, lakini mke wangu anajua, maana shuka lilikuwa lake.

2. Utulivu. Cherehani yangu hunguruma, hilo sikatai. Basi Sindano akifungua kitabu, mimi nanyanyua mguu kwenye pedali na kazi inalala. Wateja wanaofuata nguo zao wanaombwa wanong'one, na wengine wanadhani kuna mgonjwa. Mama yangu mzazi, ambaye ana mchezo wake wa redio asioukosa, anausikiliza kwa sauti ndogo mno hata sehemu kubwa anajitungia mwenyewe. Juzi alitueleza kwa masikitiko kwamba yule nesi wa kwenye mchezo ameolewa na mwizi wa ng'ombe. Jirani anayefuatilia mchezo huohuo anasema hamna ng'ombe hata mmoja.

3. Mzazi awe mfano. Uliandika kwamba mtoto hufuata anachokiona, hivyo nasi tuonekane tukisoma. Nilianza na kijitabu cha maelekezo ya cherehani, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo. Nilidhani kuonekana kunatosha. Sindano akaniambia nimweleze nilichosoma kwa maneno yangu mwenyewe, na nilipomaliza akasema, "Hapo umekariri tu, baba, hujaelewa." Mashine hiyo naiendesha tangu yeye hajazaliwa. Tangu hapo ananiletea vitabu vya maktaba yenu, na sasa niko kwenye volkano. Mama mmoja alikuja kupunguziwa gauni kiunoni, nikajikuta namsimulia jinsi mlima unavyotapika moto. Aliondoka bila kupimwa na hajarudi.

4. Kusifu juhudi badala ya matokeo. Hapa, Mwalimu, ndipo uliponichimbia kaburi. Mafundi tuna visingizio vyetu tulivyorithi: kitambaa kimerudi kilipofuliwa, umeme ulikatika, wewe mteja umenenepa. Visingizio hivi vinalinda heshima ya pande zote mbili. Sasa karani mmoja wa benki alileta malalamiko kwamba suruali yake ina mguu mmoja mfupi. Kabla sijafungua mdomo, Sindano aliinua kichwa kwenye kitabu akasema, kwa upole kabisa, "Baba alijitahidi sana. Makosa ni sehemu ya kujifunza." Karani akaniuliza nimekuwa nikijifunza kwa muda gani. Mke wangu naye ameushika ushauri huo kwa mikono miwili, na siku hizi nikikosea jambo lolote nyumbani nasifiwa.

5. Ratiba ya familia nzima. Imebandikwa ukutani kwa pini zangu. Mama yake amepangiwa kumsikiliza akisoma kwa sauti. Bibi yake amepangiwa kupumzika na kusimulia hadithi, lakini fupi. Mbele ya neno "baba" pameandikwa "kunyamaza", na baadaye pakaongezwa kwa kalamu nyingine, "na kujibu akiulizwa". Kuna pia mapumziko, kama ulivyoshauri. Wakati huo anakuja kukaa kitandani karibu yangu, anaokota pini kwenye vitambaa, na ananieleza yote aliyoyasoma, bila kukata pumzi, akitaka niulize maswali. Nauliza hata yale ninayoyajua majibu yake, ili asinyanyuke upesi. Mapumziko hayo ni mafupi mno, na naomba hilo nalo lihesabiwe katika malalamiko.

6. Sasa nafika kwa mwalimu wa hesabu. Yote niliyokwisha kuyataja ningeyavumilia. Mzazi havumilii nini? Ila wiki iliyopita mwalimu huyo aliniita shuleni, akanipa kiti, na akiwa anatabasamu akaniambia kwamba kwa mwendo huu Sindano atachaguliwa kwenda ile shule ya bweni ya wasichana, ile ambayo kuifikia ni safari ya basi ya kutwa nzima. Alinipa mkono akanipongeza. Niliporudi na habari hiyo, mke wangu alilia kwa furaha, na mama yangu akafungulia redio mpaka mwisho bila kukatazwa na mtu. Mimi nilimwambia Sindano, "Umejitahidi," kama karatasi inavyoagiza. Kisha nikachukua shati lililokwisha kupigwa pasi nikalipiga tena.

Karatasi yako, Mwalimu, nimeisoma upya mbele na nyuma. Imeeleza meza, mwanga, kimya, ratiba na usingizi wa kutosha. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba ukifuata haya yote, mtoto atafungasha na kuondoka. Hata chupa ya dawa ya kikohozi ina onyo ubavuni. Mimi nilidhani namsaidia kumaliza kazi za shule, kumbe kila jioni nilikuwa namsindikiza. Mtoto wa jirani yetu, ambaye hajawahi kufungua daftari nyumbani tangu linunuliwe, atakuwa hapahapa na wazazi wake mpaka mvi zimtoke. Wazazi hao walijipepea kwa karatasi yako, na leo wanacheka. Naogopa, Mwalimu. Nalisema wazi kwa sababu mke wangu nimemwambia kwamba sina wasiwasi wowote. Sina mtoto mwingine, na nyumba isiyo na mtu wa kuninyamazisha sijui nitaikaa vipi.

7. Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima zote yafuatayo, na uchague lililo jepesi kwako. Sindano apunguziwe bidii, hata kidogo tu, kwa namna ambayo walimu mtaiona inafaa; mnaweza kumweka dawati moja na mtoto wa jirani yetu. Ikishindikana, mwalimu wa hesabu apewe likizo ndefu, maana anaonekana amechoka. Ikishindikana hiyo, muwaandikie wakubwa wa ile shule ya bweni kwamba msichana huyu ana tabia ya kurekebisha wakubwa hadharani, jambo ambalo wewe mwenyewe ni shahidi wake. Na yote yakigonga mwamba, naomba shule yenyewe ihamishiwe huku. Nyuma ya kituo cha mafuta pana kiwanja kitupu. Nimekipima kwa tepu yangu, na madarasa yanaenea pamoja na bweni dogo. Sare za wanafunzi wote nitashona mimi, na wakati wa masomo mashine itakaa kimya kama ilivyozoea.

Nakushukuru kwa kunisoma mpaka hapa, jambo linaloonyesha kwamba nawe umejitahidi. Nisalimie walimu wote, karani wa ofisi, mlinzi wa geti na mama anayepiga kengele. Mwalimu wa hesabu naye nisalimie, lakini wa mwisho. Mke wangu anakusalimu, na mama yangu anauliza kama shuleni kuna mtu anayejua kilichompata yule nesi.

Wako katika malezi,
Fundi, baba Sindano.

Nyongeza: Mwalimu wa hesabu asipewe likizo kabla ya mtihani, kwani asilimia bado zinamsumbua Sindano kidogo, na mimi nimejaribu kumweleza nikamchanganya zaidi. Pia naomba uniulizie, bila yeye kujua, kama wasichana wa ile shule ya bweni huvaa sketi ya marinda au ya kunyooka. Nimeshashona za aina zote mbili. Anadhani ni za mteja. Chini nimeacha pindo refu la kushushwa, maana huko atarefuka na mimi sitakuwepo kumpima.