Mnyonya Damu Alipobisha Hodi Ndama

Leo nimeaibika mbele ya jumuiya nzima ya bibi yangu, na bado mada yangu sibadilishi. Naanza na hilo mjue mapema mnaongea na nani.

Mnaonifahamu mnajua nasoma fasihi chuoni hapa Kayanga, na muhula huu tuna somo la tanzu za riwaya. Wenzangu wamechagua mapenzi na upelelezi. Mimi nikachagua riwaya za wanyonya damu. Darasa likacheka. Eti mambo ya Wazungu. (Hofu ya kumfungulia mlango mtu usiyemjua nayo tumeletewa na Wazungu? Nijibuni.)

Riwaya hizo zina kanuni moja naipenda kupita zote: mnyonya damu haingii ndani ya nyumba mpaka mwenyewe amkaribishe. Anabaki nje na meno yake. Mwenye nyumba akiingiwa na wasiwasi akanyamaza, amepona. Nikasema nitaandika ya kwangu yenye kanuni hiyo, iwe hapahapa Karagwe.

Madamu anayetufundisha akavua miwani. "Koku, huku kwenu nani amewahi kunyimwa karibu? Huyo mnyonya damu wako atapiga hodi mara moja tu, atapewa kiti na punje za kahawa ya kutafuna. Hadithi imekufia ukurasa wa kwanza. Kesho asubuhi niletee mada nyingine. Chukua ngano za sungura."

Sungura. Mimi, na umri huu.

"Kesho nitakuletea mtu aliyenyimwa karibu," nikamwambia. "Nikishindwa, nachukua sungura." (Mdomo wangu huu ndio utakaoniua, si mnyonya damu.)

Wa kumjaribia nilikuwa naye: bibi yangu mzaa mama, kijijini Ndama. Kijiji cha watu nisiowajua nisingethubutu, wangenimaliza na mada yangu. Nikaazima joho jeusi la kwaya. Nikachonga meno mawili ya muhogo mbichi, marefu, yamechongoka vizuri kabisa. Gundi ikawa utomvu wa fenesi. Mliokulia huku mnaujua ule ulimbo, ukishika umeshika.

Jioni bodaboda ikanishusha njiani. Nikaingia kwenye migomba nyuma ya nyumba, nikavaa joho, nikabandika meno juu ya yale ya kwangu. Nikajitazama kwenye simu. Jamani, nilitisha. Nikazunguka hadi mlango wa mbele, umerudishwa tu, nikabisha kwa sauti nzito ya kaburini.

"Hodi."

"Karibu waitu! Pita ndani!"

Ananiita waitu, yaani wetu, na hata hakuuliza ni nani. Nikajipa moyo kwamba ni kwa sababu hajaniona. Nikasukuma mlango, nikatoa meno yote nje, nikanyanyua mikono.

Sebule imejaa watu. Jumuiya ya sala. Wiki hii ilikuwa zamu ya bibi, na mimi mjukuu wa mfano sikuwa na habari. Akina mama kwenye mikeka, wazee kwenye makochi, Mwinjilisti katikati na Biblia imefunguliwa mapajani. Wote wakanigeukia. Nikasubiri mtu apige yowe. Mmoja tu angenitosha.

"Sogeeni, mgeni apate pa kukaa," akasema Mwinjilisti.

Wakasogea.

"Shikamooni," nikasema. (Ndiyo, mnyonya damu kaamkia. Ungefanyaje, na wazee wote wale?)

"Marahaba." Kisha bibi akanikazia macho. "Maawe. Koku? Mjukuu wangu, meno yamekuwaje?"

Nilijaribu kueleza. Lakini kwa meno yale kila neno lilitoka na mate, na kadiri nilivyohangaika ndivyo walivyozidi kunihurumia. "Usiongee mama, usijiumize," akasema mama mmoja, ananipapasa mgongo. Mwingine akamnong'oneza jirani yake, kwa mnong'ono wa kusikika hadi Kaisho, kwamba meno hayo yameharibiwa na maji ya chuoni. "Na bado kavaa joho la kwaya kaja kumsifu Mungu," akajibu jirani. "Huyu mtoto ana moyo."

Nikajaribu kuyang'oa kwa siri. Yakagoma.

Bibi akatoka jikoni na bakuli la parachichi lililopondwa, maana kahawa ya kutafuna, alisema, kwa meno haya itanitesa. Nikala. Ningekataaje? Nilipomaliza, Mwinjilisti akasema, "Wapendwa, kabla hatujafunga, tumwombee binti yetu." Mikono ikanijia kichwani, mabegani, mmoja ukanikamata taya kabisa. Wakaomba kwa Kiswahili, wakaomba kwa Kinyambo, kila mtu na maneno yake. Na mimi kule chini nahisi kitu kinateleza. Ulimbo wa fenesi dawa yake ni mafuta, ndiyo maana tunajipaka mikononi kabla ya kulimenya. Na parachichi ni mafuta matupu.

"Amina," akasema Mwinjilisti.

Jino likadondoka juu ya Biblia yake. La pili likafuata, likaangukia mkeka.

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani mlivisikia huko mliko. Bibi analia, ananifungua mdomo kuwaonyesha watu meno yangu ya siku zote kana kwamba yameota jana. Mkidhani nilinyamaza, mmenikosea. Nilisema, tena kwa sauti: "Bibi, huo ni muhogo."

Mwinjilisti akaokota jino, akaligeuza, akalinusa.

"Kweli ni muhogo," akasema. "Jamani, mtoto alikuwa anaota mihogo mdomoni."

Vigelegele mara ya pili, vikali kuliko vya kwanza.

Jumapili natakiwa mbele ya usharika kutoa ushuhuda. Atakayecheka ibadani, kipaza sauti kitakuwa mkononi mwangu na majina yenu nayajua.

Nikiwa njiani kurudi nimemwandikia Madamu yote, sikuficha kitu. Nimekiri kwamba hakuna aliyeninyima karibu. Ila sungura simchukui, kwa sababu hadithi yangu imeanzia pale alipodhani imekufa: mnyonya damu kakaribishwa, kapewa kiti, kalishwa, sasa wenyeji wanamfanya nini? Hiyo nani ameshaiandika?

Amejibu: "Haya, endelea na mada yako. Lakini kubali tu kwamba mnyonya damu wako amefia kwa bibi."

Nimemjibu, "Hajafa, Madamu. Ameokoka."